CD Ndani ya Pakiti ya Vidonge

Albamu ya bendi ya Spiritualized, Ladies and Gentlemen We Are Floating in Space, ilitoka Uingereza mwaka 1997 ikiwa imefungwa kama dawa. Usanifu ulikuwa wa Farrow Design, studio ndogo ya Mark Farrow jijini London, ikishirikiana na kiongozi wa bendi, Jason Pierce. Wangeweza kuchora tu jalada linalofanana na pakiti ya dawa. Badala yake CD zenyewe zilifungwa na watu ambao kazi yao ni kufunga dawa, na hapo ndipo ubunifu wa kazi hii ulipo.

Vidonge hufungwa hivi: karatasi ya plastiki hupashwa moto hadi ilegee, kisha hewa huisukuma kwenye kalibu ikapata vishimo. Bidhaa huwekwa kishimoni. Juu yake hulazwa karatasi ya alumini iliyokwisha kuchapishwa, upande wa ndani ukiwa na gundi inayoshika kwa joto, na bamba la moto huibana kuzunguka kingo. CD za albamu hii nazo zilifungwa hivyo, na ndani ya boksi lake kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, chenye maelezo ya matumizi kama ya mfamasia, yakiueleza muziki kana kwamba ni tiba ya moyo na roho.

Toleo maalumu lilikwenda mbali zaidi. Nyimbo 12 za albamu ziligawanywa katika CD 12 ndogo za sentimita 8, kila moja na kishimo chake: wimbo mmoja, dozi moja. Hesabu ilikubali, kwa kuwa CD ya kipimo hicho hubeba takriban dakika 21, na wimbo mrefu kuliko wote una dakika 17 hivi. Mashine za kawaida huzicheza bila tatizo; mwale wa leza husoma kuanzia katikati kwenda nje, na sinia ya mashine nyingi ina duara dogo la kuzipokea. Zile za kumeza CD kwa tundu, kama redio nyingi za magari, hukwama nazo.

Usumbufu ulibaki kwa msikilizaji, na yaelekea ulikusudiwa. Albamu ya dakika 70 humwinua kitini kila wimbo unapokwisha, na alumini ikishapasuliwa haifungiki tena, hivyo wakusanyaji huthamini zaidi pakiti ambazo hazijaguswa.