Njia Zinazopotea Kimya: OSPF Inapokutana na RIP ya Kwanza

Dalili za tatizo hili huwa zinachanganya. Kompyuta iliyo upande wa RIP inaifikia seva ya 172.16.2.10 bila shida, lakini seva ya 172.16.3.20, iliyo nyuma ya ruta ileile, haipatikani kabisa. Fundi anapiga pingi kwenye anwani ya lupubaki ya ruta hiyo, nayo inajibu mara moja. Kwa kuwa ruta inajibu, anaamua kwamba mtandao ni mzima na kosa liko kwenye seva, na jioni nzima inaishia kwenye fayawoli na kebo zisizo na ubaya wowote.

Tuchukue maabara ndogo ya ruta tatu za Cisco. A inatumia OSPF, B inatumia RIP toleo la 1, na M iko mpakani ikizungumza itifaki zote mbili. Anwani zote zimekatwa kutoka 172.16.0.0, mtandao wa daraja B. Upande wa RIP kila subneti ina maski ya biti 24: kiungo cha M na B ni 172.16.10.0, na nyuma ya B kuna 172.16.20.0. Upande wa OSPF mtu amegawa apendavyo. Kiungo cha M na A ni 172.16.1.4/30. Nyuma ya A kuna 172.16.2.0/24, 172.16.3.0/28, 172.16.3.16/28 na kipande kikubwa cha 172.16.64.0/20. Lupubaki ya A ni 172.16.255.1/32.

Njia za OSPF zimeshasambazwa upya ndani ya RIP kwa amri ya `redistribute ospf 1 metric 2`. Ukitazama jedwali la njia la B, unakuta mbili tu zilizovuka: 172.16.2.0/24 na 172.16.255.1/32.

Mshukiwa wa kwanza wa karibu kila fundi ni metriki, na si kwa kukosa sababu. RIP huhesabu hatua, mwisho wake ni 15, na 16 maana yake hakufikiki. OSPF hutumia gharama inayotokana na kasi ya kiungo, kwa hiyo M haina namna ya kugeuza moja kuwa nyingine. Usipoitajia metriki, njia za OSPF hazitangazwi kwenye RIP. Lakini kosa la metriki lingezizuia njia zote. Hapa mbili zimepita. Swali la kujiuliza ni hizo mbili zina nini ambacho wenzao hawana, na ukilitazama jedwali kwa jicho hilo, jibu liko kwenye tarakimu iliyo baada ya mkwaju.

RIP ya kwanza, kama ilivyoandikwa na Charles Hedrick katika RFC 1058 ya mwaka 1988, hutumia baiti 20 kwa kila njia inayotangaza. Ndani yake mna aina ya anwani, anwani yenyewe ya baiti nne, metriki ya baiti nne, na nafasi zilizobaki zinazopaswa kuwa sifuri tupu. Maski haimo. Kupokea njia ya namna hiyo ni kama kutajiwa kiwanja bila kuonyeshwa mipaka yake. Ruta inayopokea hulazimika kukisia: kama anwani ni ya mtandao mkuu uleule wa kiolesura ilikopokelewa, hutumia maski ya kiolesura hicho; kama ni ya mtandao mwingine, hutumia maski ya daraja lake, A, B au C.

M inajua kwamba jirani yake atakisia hivyo, na inakataa kumdanganya. Kabla ya kutuma taarifa kupitia kiungo cha 172.16.10.0/24, hulinganisha maski ya kila njia ya 172.16 na maski ya kiolesura hicho. Zikilingana, inatangaza. Zisipolingana, inaiacha njia hiyo, bila onyo wala mstari hata mmoja kwenye logi. Kwangu mimi ukimya huo ndio ubaya hasa wa tabia hii, maana uamuzi wenyewe ni wa busara. Zinazosamehewa ni njia za /32, ambazo B huzitambua kwa kuwa zina biti za mwenyeji. Ndiyo maana lupubaki ilijibu, na ndiyo maana haifai kuwa kipimo cha afya ya mtandao wa aina hii.

Uthibitisho unapatikana kwa `debug ip rip` kwenye M. Subiri sekunde 30, taarifa inayofuata itoke, kisha usome yale ambayo hayamo: 172.16.1.4, 172.16.3.0, 172.16.3.16 na 172.16.64.0.

Tiba ya subneti ndogo ni rahisi. Kwenye M unaandika `ip route 172.16.3.0 255.255.255.0 Null0`, kisha unaisambaza njia hiyo tuli ndani ya RIP, ukitaja metriki. Sasa kuna njia ya biti 24, inayolingana na kiolesura, na B inaipata. Anayeona Null0, shimo la kutupia pakiti, huogopa kwamba pakiti zitamezwa. Hazimezwi. Pakiti ya 172.16.3.20 ikifika M inakuta njia mbili zinazoifaa, /24 ya shimoni na /28 ya OSPF, na njia yenye maski ndefu zaidi ndiyo inayoshinda. Kinachotupwa ni kile kisicho na mwenyewe, kama 172.16.3.200. Kiungo cha /30 nacho kinatibiwa vivyo hivyo kwa 172.16.1.0/24.

Kipande cha /20 ndicho chenye mtego, na hapa kunakili dawa ya mwanzo ni hatari. Ili B ikione, lazima kigawanywe kuwa vipande 16 vya /24, kuanzia 172.16.64.0 hadi 172.16.79.0. Ukivielekeza Null0, sasa njia tuli ndiyo yenye maski ndefu kuliko /20 ya OSPF, na kila pakiti itaishia shimoni. Vielekeze kwa A yenyewe, 172.16.1.6. Gharama yake ni kwamba OSPF ikihamia kiungo kingine, njia hizi 16 hazihami nayo.

Wengine huona afadhali kuipa B njia ya chaguo-msingi na kuyaacha hayo yote. Ni sawa, ila hakikisha B ina `ip classless`. Bila hiyo, ruta inayojua baadhi ya subneti za 172.16 huitupa pakiti ya subneti isiyoijua hata kama njia ya chaguo-msingi ipo.

Upande wa kurudi una kosa lake mashuhuri: `redistribute rip` ndani ya OSPF bila neno `subnets`. Kwenye matoleo ya zamani ya IOS, OSPF huchukua mitandao mizima ya daraja tu, na 172.16.20.0/24 inabaki nje. B inatuma, A haijui pa kurudishia.

Mipaka ikiwa miwili, mambo huharibika zaidi. Ruta ya pili, N, husikia 172.16.20.0 kwa RIP yenye umbali wa kiutawala 120, na pia kwa OSPF, kutoka M, yenye 110. Inaiamini OSPF, inazungukia kwa M, kisha inaweza kuirudisha njia hiyo ndani ya RIP kama habari mpya, na kitanzi kikazaliwa. Kwa kawaida ungezitia njia alama, lakini RIP ya kwanza haina pa kuibeba: toleo la 2 ndilo lililoweka alama na maski kwenye zile nafasi za sifuri. Kwa hiyo chuja kwa orodha ya mitandao, au uipandishe OSPF ya nje juu ya 120 kwa `distance ospf external 130`.

Kinachokera ni kwamba wengi hawakuichagua RIP ya kwanza. Ruta ya Cisco iliyoandikiwa `router rip` bila kutajiwa toleo hutuma la 1 na kupokea yote mawili; `show ip protocols` itakuonyesha hivyo kwa kila kiolesura. Kama vifaa vyote vinaweza, andika `version 2` na `no auto-summary` kila upande, kisha uziondoe zile njia tuli. Ukizisahau, B itaendelea kuiona 172.16.3.0/24 hata siku ambayo A imezimwa.