Neno "Gaidi" na Kipimo cha Wataalamu

Tulipowapeleka wanafunzi wetu kwenye Makumbusho ya Majimaji hapa Songea, mmoja alituuliza: Je, hawa walionyongwa mwaka wa 1906 wangeitwa magaidi leo? Tulikosa jawabu, basi tukakitafuta kitabu cha wataalamu wawili, Alex Schmid na Albert Jongman, kilichotolewa mwaka wa 1988. Mna humo maelezo 109 ya neno hilo moja, yaliyokusanywa kwa waandishi wengi, na hesabu yake: jeuri au nguvu yatajwa katika 83.5 kwa mia, siasa 65, hofu 51.

Ni kazi ya saburi, twaiheshimu. Walakini hesabu hiyo yatuonyesha wataalamu wasemavyo tu, wala haituonyeshi kama wasema kweli.

Maelezo yao wenyewe ni bora. Hawakuiacha dola nje. Nayo yaweza kuwa gaidi, kama mtu au kundi. Tena wasema kwamba auawaye siye alengwaye hasa. Auawa ili wengine waogope.

Tukipime kwa mambo ya kwetu. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni ili waliobaki waogope. Hapo kipimo chafaa. Lakini jeshi lile lile lilichoma vijiji, ghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria hutaja wafu wa vita nzima kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mama aliyekufa kwa njaa hakuuawa ili jirani aogope. Yeye mwenyewe ndiye aliyelengwa. Basi tendo lililo kubwa kupita yote labaki nje ya neno!

Wala tusiyafiche ya upande wetu. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa safarini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wasio askari. Je, waliuawa ili wengine watishike, au kwa kuwa walihesabiwa kuwa adui? Waliowaua hawakuacha maandishi. Kipimo kitakacho nia ya muuaji chakwama hapo.

Mwaka wa 1992 Schmid alishauri ugaidi uhesabiwe kuwa sawa na makosa ya vita, ila yametendwa wakati wa amani. Twaona ni afadhali, kwani latazamwa tendo. Lakini Songea ya 1906 ilikuwa vitani, na swali la mwanafunzi wetu liko pale pale. Jumatatu tutamwambia hivyo.