Mteja ni Mfalme

Mwaka juzi alinitembelea mmoja wa wanachuo wangu wa zamani, ambaye kwa miaka mingi sasa anaishi Ujerumani. Baada ya shikamoo na habari za watoto, alinikabidhi mfuko wenye shati moja na jozi ya viatu vya kitambaa. Juu ya mfuko palikuwa na herufi tatu tu: KiK. Nilipomwuliza maana yake alicheka, akasema, "Ni kifupi cha maneno ya Kijerumani, Mwalimu. Maana yake, mteja ni mfalme."

Nilimshukuru. Shati nililijaribu, likanikaa vyema. Lakini jina lile halikunitoka kichwani. Mwalimu akiambiwa kwamba mtu fulani ni mfalme, huuliza mara moja: na raia wake ni nani?

Kwa kuwa macho yangu siku hizi hayaelewani na maandishi madogo, nilimwomba mjukuu wangu anisomee yale yaliyoandikwa juu ya duka hilo, na kampuni yenyewe na watu wengine. Nilisikiliza kama nilivyozoea kusikiliza insha za wanachuo, kalamu nyekundu ikiwa mkononi.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1994 na Stefan Heinig, kwa ushirikiano na kampuni kubwa ya biashara ya Tengelmann, na makao yake makuu yako Bönen, mji mdogo wa magharibi ya Ujerumani. Nia yake ilikuwa kuuza nguo kwa bei ambayo hata mtu wa kipato cha chini kabisa angeweza kuimudu. Siibezi nia hiyo. Sisi tuliosoma shule kwa kaptura moja, inayofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi ikiwa bado na unyevu, tunajua jinsi nguo ya bei nafuu inavyomsitiri mtu na kumpa heshima. Leo maduka yake yanahesabika kwa maelfu katika nchi kadhaa za Ulaya.

Hata hivyo, wahenga walisema rahisi ni ghali. Hawakusema ni ghali kwa nani. Mwaka 2009 mahakama ya kazi ya mkoa iliyoko Hamm iliamua kwamba mshahara wa euro 5.20 kwa saa, waliokuwa wakilipwa wanawake wawili waliofanya kazi katika maduka ya kampuni hiyo, ulikuwa kinyume cha maadili mema, ikaamuru wahesabiwe euro 8.21. Hayo yalitokea Ujerumani kwenyewe, penye mahakama, vyama vya wafanyakazi na magazeti. Je, mshonaji aliye mbali na hayo yote, kesi yake ataipeleka wapi?

Jibu la kampuni ni kanuni za maadili. Tangu mwaka 2006 inazo kanuni ambazo viwanda vinavyoishonea hutakiwa kuzifuata. Msomaji akisoma kanuni za aina hii, ziwe za kampuni hii au za nyingine, hatakuta neno baya ndani yake. Watoto wasiajiriwe. Mtu asifanyishwe kazi kwa nguvu. Mahali pa kazi pawe salama. Kama ingekuwa insha ya mwanachuo, ningempa alama nzuri kwa mpangilio na hati safi. Lakini pembeni ningeandika kwa wino mwekundu: "Mtendaji ni nani?" Maana sentensi zake nyingi huelekezwa kwa mwenye kiwanda peke yake. Yeye ahakikishe, yeye azuie, yeye atoe. Mnunuzi, ambaye ndiye apangaye bei na siku ya kupokea mzigo, kazi yake ni kutazamia na kudai. Mtu anayetaka suruali nyingi zaidi, kwa bei ndogo zaidi, kabla ya mwisho wa mwezi, naye amekwisha kuandika kanuni nyingine, ijapokuwa hiyo haibandikwi ukutani.

Tarehe 11 Septemba 2012 kanuni hizo zilipata mtihani wake. Kiwanda cha Ali Enterprises, mjini Karachi, Pakistan, kiliwaka moto jioni wafanyakazi wakiwa ndani. Mnunuzi wake mkuu alikuwa KiK. Madirisha yalikuwa na nondo, na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Watu zaidi ya 250 walikufa. Miaka minane baadaye mahakama ya Karachi iliwahukumu watu wawili kifo kwa kosa la kuwasha moto huo, katika kisa cha kudai fedha kwa vitisho. Sasa wako wasemao kwamba basi lawama zote ni za wachomaji. La hasha! Aliyewasha kiberiti ana kosa lake, na aliyefunga mlango ana lake.

Lililonisimamisha zaidi si moto wenyewe, bali cheti. Mwezi Agosti 2012, wiki chache tu kabla ya msiba, kiwanda hicho kilipewa cheti cha SA8000, kiwango cha kimataifa cha haki na usalama wa wafanyakazi, na shirika la ukaguzi la Kiitaliano liitwalo RINA. Mjukuu wangu aliposoma hapo aliuliza, "Babu, sasa huyo mkaguzi alikagua nini?" Nilinyamaza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo, na sikupenda kulitoa.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu cha bweni. Bweni la wasichana lilikuwa na milango miwili. Mlango wa nyuma tuliufunga kwa kufuli kila jioni, kwa ajili ya vijana wa mjini, na ufunguo alikaa nao matroni, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira. Umeme ulikatika mara kwa mara, na wanachuo walisomea vibatari. Hayo yote niliyajua.

Wakaguzi walipokuja, barua yao ilitutangulia kwa wiki moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kuta zilipakwa chokaa, nyama ikaliwa siku mbili mfululizo, na mlango wa nyuma ukaachwa wazi mchana kutwa. Mkaguzi aliwauliza wasichana kama wana matatizo yoyote. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake. Wote walijibu hawana. Kwenye taarifa aliandika: "Usalama wa mabweni unaridhisha." Alikuwa mtu mwaminifu, wala hakuandika uongo, aliandika alichoonyeshwa. Mimi ndiye niliyemwonyesha.

Muhula uliofuata kibatari kiliangukia godoro usiku. Wasichana waliliburura nje kwa mlango wa mbele, na hakuna aliyeumia. Asubuhi, mbele ya wenzake, msichana mmoja aliuliza: "Mkuu, kama ungewaka upande ule wa mbele, tungetokea wapi?" Nilimwambia kwamba kufuli lile liliwekwa kwa usalama wao, kisha nikamwamuru akae. Kufuli lilikaa pale miezi mingine mitatu. Ninayaandika haya kwa mara ya kwanza, na ningependa kumwomba radhi kama bado yu hai.

Kwa hiyo siwezi kuihukumu kampuni ya Kijerumani kana kwamba mimi ni malaika. Na haki yake tuipe: baada ya msiba ililipa dola milioni 1, na mwaka 2016, katika mazungumzo yaliyosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, ilikubali kutoa dola milioni 5.15 zaidi kwa majeruhi na jamaa za marehemu. Lakini wanne miongoni mwao walipotaka mahakama ya Dortmund itamke kwamba kampuni ina wajibu, kesi yao ilitupwa Januari 2019, kwa sababu muda wa kudai ulikuwa umepita kisheria. Fedha zilipatikana, jibu la nani alikuwa na wajibu halikupatikana. Mimi naona hilo la pili ndilo walilolifuata Dortmund.

Ujerumani ilipitisha mwaka 2021 sheria inayoyataka makampuni makubwa kuchunguza hali za watu katika viwanda vinavyowauzia, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Hiyo ni hatua, kwa kuwa sheria humgusa mnunuzi mwenyewe, si mwenye kiwanda tu. Lakini hata sheria yaweza kuishia katika kujaza fomu, na kujaza fomu sisi wakuu wa vyuo tulikuwa mabingwa.

Nikiletewa leo kanuni za duka lolote la nguo au viatu, sitaanza na uzuri wa maneno yake. Nitauliza ufunguo wa mlango wa nyuma anakaa nao nani usiku. Nitauliza mkaguzi anapewa ujira wake na nani, na kama barua yake inatangulia. Kisha nitauliza swali ambalo msichana yule alinifundisha bila mimi kutaka kujifunza: mshonaji akisimama mbele ya wenzake na kusema lisilompendeza mkuu, ataambiwa akae?

Shati bado ninalo, na Jumapili hulivaa, kwani aliyenipa alinipa kwa mapenzi. Ila kila ninapofunga vifungo vyake hukumbuka kwamba mfalme ninayetajwa katika jina la duka lile ni mimi, na kwamba mimi niliwahi kuwa mtawala mdogo mwenye kufuli.