Neno "Utabiri" Katika Habari za Hali ya Hewa

Huko Mjimwema, katika mji wa Njombe, usiku wa Juni baridi hutuama mabondeni, na mkulima wa viazi hutega sikio redioni asikie "utabiri wa hali ya hewa kwa saa 24 zijazo." Neno hilo lastahili kuchunguzwa. Kutabiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufasiri ndoto. Na masikioni mwa wengi mtabiri ni mtu aonaye yaliyofichika. Mtu wa namna hiyo akikosea huitwa mwongo. Basi umande ukiganda na kuunguza majani ya viazi, lawama humwangukia mtangazaji.

Kumbe kazi yenyewe haina uaguzi. Kompyuta hutoa kisio la hali ya anga, kisha vipimo vya vituo, vya maputo na vya setilaiti huletwa kulisahihisha. Njia moja hutafuta hali moja ya mwanzo ipatanayo vema kupita zote na kisio lile na vipimo pia, kila kimoja kikipewa uzito kwa kadiri kinavyoaminika. Kituo cha Ulaya kilichoko Reading, Uingereza, kilianza kuitumia kwa kufuata mwendo wa saa mwaka 1997. Njia ya pili, waliyoieleza Gordon, Salmond na Smith mwaka 1993, hukusanya makisio mengi kama wazee barazani: kipimo kifikapo, kisio lililo karibu nacho huongezewa uzito, lililo mbali hupunguziwa, mazito hurudufiwa, mepesi huachwa. Njia hii haifichi shaka, na kwa hiyo ni ya kweli zaidi. Ila anga ni pana mno: aghalabu kisio moja hutwaa uzito wote, na baraza likabaki na mzee mmoja.

Tena hesabu za Reading, tangu 2016, hugawa dunia kwa vipande vya kilomita 9 hivi. Kilima na bonde la Mjimwema huweza kuingia katika kipande kimoja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, inapotangaza mvua za Novemba hadi Aprili, husema "mwelekeo," neno la unyenyekevu na la kusifiwa. Kwa baridi ya usiku mmoja, hata hivyo, neno hilo ni legevu. Na "makisio" yananuka fedha za serikali. Heri "utabiri" libaki, lakini lisitembee peke yake. Mtangazaji akisema kwamba kati ya makisio 50, 30 yanaonyesha umande kuganda, mkulima wa bondeni atajua mwenyewe kama inafaa kukesha akifunika miche kwa nyasi.