Njaa Isiyo na Mwenyewe: Uhakiki wa Michezo ya Video ya Ushirika na Kunusurika kwa Jicho la Pwani ya Kilwa

Katika muongo mmoja uliopita, michezo ya video inayowatupa wachezaji kadhaa pamoja mahali pasipo na chakula wala makazi imepata wafuasi wengi mno. Valheim, uliotolewa Februari 2021 ukiwa bado haujakamilika, uliuza nakala zaidi ya milioni 5 katika muda wa takribani mwezi mmoja. Palworld, uliofuata Januari 2024, ulitangazwa na watengenezaji wake kuwa umefikisha wachezaji milioni 25 kabla ya mwezi wa pili kumalizika. Aghalabu michezo hii huhakikiwa kwa kutazama uzuri wa picha, ugumu wa maadui na wingi wa saa ambazo mchezaji anaweza kuzitumia. Makala haya yana swali jingine. Mchezo unapotuambia kwamba tuna njaa, njaa hiyo imeletwa na nani? Na chakula kikishapatikana, kinagawanywa kwa kanuni ipi?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika sehemu kubwa ya michezo hii njaa haina mwenyewe. Inatoka porini, au baharini, au katika mzunguko wa siku, kama vile jua linavyochomoza. Kwa sababu hiyo ushirika nao unabaki kuwa wingi wa mikono tu: watu wanne wanakata miti haraka kuliko mmoja. Mhakiki aliyelelewa katika pwani ya Kilwa na Lindi hawezi kuridhika na maelezo hayo, kwa kuwa historia ya mahali hapa inasema mambo mengine kuhusu njaa na kuhusu watu kufanya kazi pamoja.

Istilahi itakayotumika kupima ushirika ni kikoa. Kikoa, kwa maana yake ya zamani katika Kiswahili, ni mapatano ya watu kula au kufanya kazi pamoja kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu, na anayekwepa zamu yake anajulikana. Ndani ya kikoa mna kazi, lakini pia mna hesabu. Hali ni hiyohiyo katika vyombo vya uvuvi. Samaki wakishauzwa, kwa kawaida huondolewa kwanza gharama za safari, kisha huwekwa fungu la chombo na la nyavu, na kinachobaki ndicho wanachogawana nahodha na mabaharia. Kabla ya yote hayo kila mmoja ameshatengewa kitoweo cha kupeleka nyumbani. Ugomvi wa ufukweni mara nyingi hutokana na fungu kuliko na kazi yenyewe. Mchezo wa ushirika usiojua ugomvi huo umeacha nje nusu ya jambo.

Michezo minne imeteuliwa: Raft, Valheim, Palworld na Don't Starve Together. Nimeicheza yote na wenzangu, na maoni yaliyomo humu ni ya mchezaji kwanza.

Raft hautahitaji maneno mengi. Wachezaji wako juu ya vipande vichache vya mbao katikati ya bahari, wanavua kwa kulabu takataka zinazoelea, yaani mbao, plastiki na makuti, na kwa hizo wanapanua chelezo chao huku papa akiking'ata pembeni. Wazo lake ni zuri, na mwanzoni kiu inatisha kweli. Lakini bahari yake haina mwambao wala jirani, na haina maji kupwa wala kujaa. Baada ya saa chache masanduku yamejaa na hakuna anayeuliza nani ameweka nini. Jambo moja tu linagusa: mwenzako akianguka, unaweza kumbeba hadi kitandani ili ainuke tena. Kwa muda huo mfupi kazi yako yote inasimama kwa ajili ya mtu mwingine.

Valheim unastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, hasa kwa sababu ya upepo. Watengenezaji wake wa Uswidi waliweka sheria ambayo wachezaji wengi wameilalamikia: milango ya ajabu inayomvusha mtu kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine haipitishi madini. Katika mpangilio wa kawaida wa mchezo, anayetaka shaba au chuma kifike nyumbani lazima akipakie chomboni na asafiri. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sheria bora kuliko zote katika mchezo huu. Inairudisha bahari katika uchumi. Upepo ukiwa wa mbele, tanga halisaidii kitu, na mnalazimika kupiga bisho au kwenda polepole kwa kasia huku usiku ukiingia.

Hata hivyo, upepo huo hubadilika baada ya dakika chache, na mchezaji akishamshinda joka fulani anapata uwezo wa kuuita upepo wa nyuma atakapo. Hapo Valheim unaitupa zawadi yake wenyewe. Kilwa Kisiwani ilijengwa na watu waliosubiri. Merikebu za Uarabuni na Bara Hindi zilishuka na kaskazi na kurejea na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mwendo ambao chombo kingeweza kuufanya na kurudi katika msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala ilibidi ipokewe hapa na kupelekwa mbele. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji ambao utajiri wake ulitegemea kalenda hiyo. Anayesubiri msimu hulazimika kukaa na watu wa mji: anapanga chumba, anakopa, pengine anaoa. Ushirika wa pwani ulizaliwa katika kusubiri huko. Mchezo unaomwondolea mchezaji kusubiri unamwondolea pia sababu ya kumhitaji mwenyeji, na ndiyo maana Valheim, pamoja na visiwa vyake vyote, hauna bandari hata moja inayofaa kuitwa mji.

Tena chombo chake kinaongozwa na mtu mmoja. Wengine wamekaa, labda wanamlenga nyoka wa baharini kwa mishale. Yeyote aliyewahi kuona jahazi likigeuza tanga anajua kwamba mabaharia hawakai.

Palworld unazua tatizo zito zaidi, na hapa uhakiki hauna budi kuwa mkali. Wachezaji wanawanasa viumbe kwa kuwadhoofisha na kuwarushia tufe, kisha wanawapeleka kambini kulima, kuchimba mawe na kusaga nafaka. Viumbe hao wana njaa na wana akili inayoweza kuchoka. Kuna kifaa kinachomwezesha mchezaji kuongeza ukali wa kazi kambini, kwa gharama ya afya yao. Mchezo unaruhusu hata binadamu kunaswa na kuuzwa kwa mchuuzi. Watetezi wake wanasema hayo ni mzaha, na ni kweli kwamba mchezo mzima umejengwa kwa mzaha: picha zake ni za kitoto na rangi zake ni tamu.

Lakini mzaha huo unasomwa mahali gani? Katikati ya karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa katika mwambao huu. Misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia pale, na watu walipakiwa kwenda Unguja na kwingineko hadi mkataba wa mwaka 1873, ambao Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kuutia saini, ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini. Sisemi kwamba mchezo wa Kijapani ulikusudia kuisema Kivinje. Ninachosema ni kwamba Palworld peke yake, kati ya michezo minne, umekiri kwamba shibe ya wachache inaweza kutoka katika kazi ya waliotekwa, kisha ukakataa kulichukulia ungamo hilo kwa uzito. Ushirika wa wachezaji ndani yake ni ushirika wa wenye shamba. Wanasaidiana vizuri sana, na hawagombani, kwa sababu anayelipa hayupo mezani.

Kutoka hapo tunaweza kulirudia swali la njaa yenyewe. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Utawala wa Kijerumani ulijibu kwa bunduki, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba walikufa watu 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Njaa ile haikutoka porini. Ilipangwa, ikaamriwa, ikatekelezwa na wanajeshi waliojua ghala liko wapi.

Fasihi ya Kiswahili ililielewa jambo hili mapema. Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, ambaye ni mwana wa Kilwa, wanawake wawili wanazungumza mwanzoni kabisa kuhusu ukosefu wa chakula, na mara moja tunajua sababu: waume wamechukuliwa kufanya kazi katika shamba la pamba la mzungu. Njaa inapoingia jukwaani imekwisha kutajiwa mwenyewe. Kinachofuata, yaani juhudi ya kuyaunganisha makabila chini ya imani ya maji, kina uzito kwa sababu umoja huo una adui mwenye jina na una bei. Nikiulinganisha mwanzo huo na mwanzo wa Valheim, ambapo shujaa anashushwa na ndege mkubwa katika nchi tupu, naona umbali uliopo kati ya tanzu hizi mbili. Si suala la utanzu mmoja kuwa wa burudani na mwingine wa fikra, kwani tamthilia nayo huburudisha. Tofauti iko katika nchi kuwa tupu. Valheim hata hauna njaa inayoua: asiyekula anapungukiwa nguvu tu.

Don't Starve Together, uliotoka rasmi mwaka 2016 kutoka kwa kampuni ya Klei ya Kanada, ndio mkongwe kati ya minne na kwa maoni yangu ndio bora. Nao hauitaji njaa mwenyewe. Hilo ni pungufu lake. Lakini katika suala la mgawo umefika mbali kuliko wenzake. Chakula kinaoza, kwa hiyo akiba haiwezi kurundikwa bila kikomo. Majira ya baridi huanza baada ya siku 20, na kila mtu anajua yanakuja. Muhimu zaidi, wahusika hawali sawa: Wigfrid hali ila nyama, Wurt hagusi nyama, na Warly, ambaye ni mpishi, hakubali kitu kisichopikwa. Kundi lenye watatu hao haliwezi kutia kila kinachopatikana katika chungu kimoja. Lazima watu wazungumze kabla ya kupika. Nimeshuhudia kundi la wachezaji hodari likivunjika siku ya 30 kwa sababu mmoja alikula nyama ya mwisho iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya Wigfrid, na maneno yaliyosemwa hayakuwa na tofauti na maneno ya ufukweni.

Kifo nacho kina hesabu. Anayekufa anakuwa mzimu, na uwepo wa mzimu unawapunguzia walio hai utulivu wa akili. Ili kumrudisha, mmoja wao anaweza kutengeneza moyo kwa majani, tezi ya buibui na pointi 40 za uhai wake mwenyewe. Hakuna anayelazimishwa. Swali la nani atoe linabaki hewani, na wakifa wote katika hali ya kawaida ya mchezo, ulimwengu unafutwa. Hicho ndicho kikoa: zamu, deni, na mtu anayejulikana kuwa hajalipa.

Limebaki suala la namna michezo hii inavyofika kwa wachezaji wa mwambao huu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kusini mwa Afrika na intaneti ikadorora nchini kote. Michezo ya ushirika inayotaka kila mchezaji awe na mashine yake na mtandao wake, kama Valheim, ilikoma kuwa ya ushirika kwa watu wa huku. Mchezo unaokubali kugawa kioo kimoja kati ya watu wawili una thamani nyingine kabisa, na Don't Starve Together unakubali hivyo katika PlayStation.

Katika miji kama Kilwa Masoko na Lindi, gemu ni banda: runinga, mashine, pedi mbili, benchi, na malipo kwa mechi au kwa muda. Mpira ndio unaotawala humo, kwa kuwa mechi ina mwisho unaojulikana. Mchezo wa kunusurika hauna dakika ya 90. Wawili wakikaa nao, watu wa benchini huanza kudai mapatano kabla pedi hazijashikwa: zichezwe siku ngapi za mchezo, nani analipia muda, na aliyekwisha kuwa mzimu aendelee kuishika pedi au ampe anayesubiri.