Uso Uliochongwa Kutazama Juu

Ukiuliza mafundi wa Buhaya, utatajiwa wafua chuma, watwanga orubugo, ile nguo ya gome la mti, na wapiga nanga, chombo chetu cha nyuzi. Wachonga vinyago hawatajwi. Huku kwetu Rubya, kwenye vilima vya Muleba, zamani mtu hakuhitaji mti usoni ili awe mwingine. Mbandwa, mtu wa kupandwa na mizimu, alipopandwa na Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, kilichogeuka ni sauti na mwendo, na waliomzunguka wakamsalimu Mugasha, si jirani yao. Mpiga nanga naye, chombo kikiwa mapajani, huwa shujaa, mara adui wa shujaa, mara mama anayemlilia mwanawe, wala hainuki alipoketi. Kwa hiyo kazi ya kinyago naisifu kama mgeni. Wamakonde, walio pembe ya pili ya nchi yetu, waliona kwamba huyo mwingine anayemwingia mtu apewe uso, na uso huo wakauchonga.

Dunia inawajua Wamakonde kwa mpingo. Lakini mpingo ni mzito, hauchezeki. Lipiko, kinyago cha ngoma ya mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi na laini. Fundi hulifukua ndani kwa subira mpaka kuta zibaki nyembamba, maana kichwa kitakacholibeba kitatikisika, kitainama, kitageuka ghafla ngoma inapokatika. Utosini hupachika nywele za watu. Chale, ambazo wazee walichanjwa kwenye ngozi, huzichora kwa vipande vya nta vilivyobandikwa juu ya mti, au huzichonga humo humo. Uso wa kike waweza kupewa ndonya, kile kipambo kinachochomekwa kwenye mdomo wa juu. Yote haya hufanyika porini, mahali ambapo kwa desturi wanawake na wavulana wasiopita jandoni hawafiki.

Katika hesabu zote za fundi huyu, mimi hustaajabia ile ya mkao. Kinyago cha upande wa Newala mara nyingi hufunika uso tu, lakini lipiko la Mueda, ng'ambo ya mto Ruvuma huko Msumbiji, huvikwa kichwani na kulazwa nyuma kidogo, na mchezaji huona njia kupitia tundu la mdomo. Basi kidevu hutangulia, macho yakatazama juu kupita vichwa vya watu. Mchongaji amelishika mkononi likiwa wima, na huku moyoni anaona litakavyokuwa likilala: mwanga utaangukia wapi, pua itatupa kivuli gani, midomo itasema nini kwa aliyesimama chini yake. Lipiko lililosimamishwa wima ndani ya kabati la kioo huonekana limeduwaa, na kosa si la fundi. Limewekwa katika mkao ambao halikuchongewa.

Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, akafungwa njuga, pasionekane ngozi. Wanawake na watoto waliambiwa huyo si mtu, ni mfu aliyerudi. Jandoni ndipo mvulana anapofunuliwa: kinyago kinavuliwa, na chini yake yuko mtu anayemfahamu. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Mapiko yanaipinga methali hiyo. Kijana aliyeiona siri haondoki akicheka. Amekabidhiwa kazi ya kuitunza, na siku ya ngoma moyo humdunda kama zamani, ingawa anajua jasho lile ni la nani. Wanawake nao, tangu lini mtu asitambue hatua za mumewe? Wanakimbia kwa sababu kukimbia ni fungu lao katika ngoma. Hofu hiyo haitokani na ujinga. Kijiji kizima huifanya kwa pamoja, na fundi ndiye aliyeipa mahali pa kukaa.

Kwa kuwa uso huo ni wa wote, umeweza kubeba mengi. Enzi za Wareno huko Msumbiji, wachongaji walimtia mkoloni mwenyewe ndani ya mti, akachezwa na kuchekwa hadharani, na asijulikane wa kukamatwa. Mashariki ya Kongo, Warega wa chama cha Bwami walikwenda mbali zaidi. Vinyago vyao vingi ni vidogo, havitoshi hata kufunika uso. Huning'inizwa uani, hushikwa mkononi, hufungwa mkononi au kichwani, na aliyepanda daraja hupokea kinyago kilichokuwa cha mtangulizi wake. Serikali ya Ubelgiji ilipokipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, ilikuwa imetambua kwamba vibao vile vina uzito kuliko vinavyoonekana.

Wezi nao wanatambua, kwa namna yao. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana baadaye Geneva, katika makumbusho ya Barbier-Mueller yaliyokuwa yamekinunua, na baada ya mazungumzo ya miaka mingi makubaliano ya kukirudisha nyumbani yakatiwa saini Paris, Mei 2010. Nafurahi kilirudi. Lakini kutoka kabati hadi kabati ni nusu ya safari, kwa kuwa kinyago hukamilika shingoni mwa mtu.

Ukipita soko la wachongaji la Mwenge, Dar es Salaam, kununua kinyago, usiridhike na uso wake. Kigeuze, utie mkono ndani. Kilichochongewa ukuta utakikuta na makovu ya tezo, hakuna aliyejali. Kilichochongewa mtu kimelainishwa pale paji litakapoegemea, sehemu ambayo mtazamaji hataiona kamwe. Mlipe huyo fundi bila kumpunguzia bei.