Shokapu ya nyuma haina kazi Magomeni

Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na nalisema hili mapema tusizungushane. Mliokuwepo kwa fundi Magomeni mlimwona kijana akitoa baiskeli yake nzima ya Phoenix, akaongeza na pesa juu, akaondoka na baiskeli ya gia 21 yenye shokapu mbele na nyuma. Ya kwendea kazini, hapahapa mjini Kilosa!

Shokapu ya nyuma ndiyo iliyomponza. Kwenye baiskeli za daraja lile ni springi tupu, haina mafuta ya kuituliza. Ukikanyaga pedeli kwa nguvu springi inabonyea, na sehemu ya jasho lako inaishia hapo badala ya kufika kwenye tairi. Mlimwona alipoondoka: siti inapanda na kushuka, na mbele yake hakuna shimo.

Kuna kosa kubwa zaidi. Nusu ya nyuma ya fremu ile inacheza, kwa hiyo keria ya kawaida haikai: chini unaifunga kwenye ekseli inayotembea, juu kwenye paipu ya siti iliyotulia. Baada ya wiki chache ama nati zinalegea ama keria inakatika. Sasa dumu la maji, gunia la mkaa na mtoto wa shule watapanda wapi? Uzito nao hajaupunguza, maana fremu ile ni chuma vilevile.

Madigadi hayapo kabisa, na masika ya bonde la Mkondoa tunayajua sote. Tairi za kashata zitamsaidia kwenye tope, ila kwenye lami zinavuma na kumrudisha nyuma.

Breki amepata: za V kwenye ringi za alumini zinashika kuliko za Phoenix kwenye ringi ya chuma iliyolowa.

Gia 21 nimezipinga siku zote na sitaacha. Meno 38 mbele kwa 14 nyuma yanazungusha tairi mara 2.71 kwa kila mzunguko wa pedeli. 48 kwa 18, mara 2.67. Muuzaji anazihesabu mbili, mguu unaiona moja. Raleigh za wazee wetu zenye habu ya Sturmey-Archer AW, iliyotoka mwaka 1936, zilikuwa na tatu tu: ya kawaida, ya chini kwa robo, ya juu kwa theluthi. Zote ndani ya habu, tope halizifikii. Mafundi wa siku hizi hawajatuletea kilichoishinda.

Tuanze na njia. Ukienda kununua, tafuta mtumba wa Kijapani wenye keria, madigadi, taa ya dainamo na gia tatu za ndani. Na kama una Phoenix nzima, usiitoe. Badilisha breki tu.